Kibanda Umiza Nacho ni Baraza

Katika nchi yetu mwananchi huulizwa mambo mengi. Huulizwa juu ya shule na zahanati, huulizwa juu ya barabara na maji, na kila baada ya miaka mitano huulizwa ni nani amwakilishe. Lakini lipo jambo moja ambalo hulipokea karibu kila jioni, hulilipia kwa fedha yake mwenyewe, na hulizungumza mpaka usiku wa manane, wala hakuna afisa hata mmoja anayemwuliza lolote. Jambo hilo ni picha za sinema na michezo ya televisheni. Wapo wanaozitunga, wapo wanaozikagua, wapo wanaozitoza kodi na wapo wanaozirusha hewani. Yule anayezitazama hukumbukwa pale tu anapotakiwa kulipia king'amuzi chake.

Leo tumekusudia kumzungumzia mtazamaji huyo, hususan yule wa Rusimbi, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tunawaandikia ndugu zetu wa Visiwani, waliotutangulia katika mambo ya sinema na televisheni. Na tunawaandikia pia viongozi na watendaji wa Serikali wenye dhamana ya utamaduni na habari. Hoja yetu ni moja: kwamba maoni ya mtazamaji wa kawaida ni hukumu yenye akili ndani yake, na kwamba Taifa linaloyapuuza hujinyima kipimo kilicho karibu nalo kuliko vyote.

Kibanda na Kalenda Yake

Asiyekifahamu kibanda umiza na tumweleze. Ni chumba cha mabati au cha matofali, chenye mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyotundikwa juu, pazia mlangoni, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya picha za siku ile pamoja na saa za mpira. Jina la "umiza" watu wamelitoa wenyewe, kwa sababu ya mbanano, joto na mabenchi yasiyo na egemeo. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka katika majenereta ya dizeli, kabla mkoa haujaanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Umeme ulipokatika katikati ya picha, watazamaji walibaki gizani wakibishana juu ya mwisho wake, na pengine ubishi huo ulikuwa mtamu kuliko picha yenyewe.

Kibanda cha mwambao kina kalenda yake. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi katika usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mvuvi hubaki nchi kavu. Kwa hiyo mwezi mpevu ndio msimu wa kibanda. Vivyo hivyo, Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wapate kuzaliana, vijana wengi wa mwambao walijikuta na jioni nyingi na fedha kidogo. Kiongozi aliyetaka kujua vijana hao walikuwa wakiwaza nini, angefanya vyema kukaa nao benchi moja.

Humo ndani hawakai wavuvi peke yao. Hukaa wachukuzi wa bandarini, mafundi baiskeli, wanafunzi waliomaliza shule, akina mama waliokwisha kuuza samaki wao, na wageni waliovuka ziwa kutoka Kalemie, Uvira, Baraka na Bujumbura. Kiswahili cha kila mmoja kina ladha yake. Mtu wa Kalemie huenda asielewe neno la vijana wa Dar es Salaam, akauliza kwa sauti, akajibiwa na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja kwa maana yake. Kikao cha namna hiyo sisi twakiita baraza, ijapokuwa hakina mwenyekiti wala mihutasari.

Steringi, Adui na Mtafsiri

Baraza hilo lina istilahi zake. Shujaa wa picha huitwa steringi. Anayempinga huitwa adui. Na kanuni ya kale, iliyorithiwa tangu enzi za picha za ngumi na picha za Kihindi, husema kwamba steringi hafi. Asiyejua atadhani huu ni utoto. Sisi twaona vingine. Mtazamaji anaposema steringi hafi, anaweka sharti la haki: aliyedhulumiwa mwanzoni mwa picha lazima apate haki yake kabla picha haijakwisha. Ndiyo maana picha ya Sholay, iliyotoka India mwaka 1975, bado inaweza kuwagawa wazee na vijana wakaao benchi moja. Humo mashujaa ni wawili, Veeru na Jai, na Jai hufa. Je, steringi ni yule anayebaki hai, au ni yule anayekufa kwa ajili ya mwenzake? Wapo wasemao kwamba anayebaki hai ndiye, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Wapo wasemao kwamba kufa kwa ajili ya rafiki ni cheo kikubwa kuliko usteringi. Watu wanaobishana hivyo wanapima wema na malipo yake, na mizani yao ni picha.

Jambo la pili wanalolitolea hukumu ni lugha. Picha nyingi za kibandani zimetoka Marekani, China, India, Korea na Nigeria, na humfikia mtazamaji zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Katika nchi yetu hakuna aliyevuma katika kazi hiyo kama marehemu na walio hai wanavyomtaja Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Wenzetu wa Kenya wanaye DJ Afro. Wa Uganda wanaye VJ Jingo, anayesema kwa Kiganda. Mtafsiri wa namna hii hafasiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina, hueleza sheria za nchi ya kigeni, humkemea adui, na pakiwa kimya hujaza mwenyewe.

Maoni ya watazamaji juu yake yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja husema kwamba bila ya mtafsiri picha ya kigeni ni bubu, na kwamba yeye ndiye aliyewawezesha bibi na mjukuu kucheka pamoja. Upande wa pili husema kwamba anatia chumvi kupita kiasi, humfanya hakimu wa London aseme kama mpiga debe wa stendi, na pengine huficha asichokielewa kwa mzaha. Pande zote mbili zina haki. Ila yafaa tuseme wazi kwamba sauti hizo zimekifikisha Kiswahili ndani ya hadithi za dunia nzima, katika vibanda ambavyo vitabu vya tafsiri havijafika. Wakati huohuo nakala nyingi za picha hizo hazina idhini ya wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumsahau aliyetoka jasho. Kazi ya mtafsiri ni njema. Njia ya nakala yake ndiyo yenye dosari. Watendaji wanaofunga kibanda bila ya kutenganisha mambo haya mawili hukata mti kwa sababu ya tawi moja lililooza.

Picha Zetu Wenyewe

Juu ya filamu za nyumbani, mtazamaji wa Rusimbi ana mapenzi makubwa na ukali mkubwa pia, kama mzazi kwa mwanawe. Hapo kale, katika miaka ya 1970 na 1980, picha za Kitanzania zilikuwa chache na zilikuwa na majina ya Kiswahili: Fimbo ya Mnyonge, Arusi ya Mariamu, Mama Tumaini. Baadaye yakaja maigizo ya televisheni ya vikundi kama Kaole, kisha filamu za video, na tangu Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, soko likafunguka kwa kishindo. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili mwaka 2012, umati uliofika Dar es Salaam kumwaga, na simanzi iliyoenea mikoani, viliwashangaza waliokuwa wakiziita kazi hizo za mitaani. Viongozi waliona siku ile jambo ambalo vibanda vilikuwa vikilisema kwa miaka kadhaa: kwamba wananchi walikuwa wamejichagulia mwigizaji wao bila ya kuambiwa na mtu.

Lakini mapenzi hayo hayakuwafumba macho. Lalamiko la kwanza ni majina. Kwa nini picha ya Kitanzania ipewe jina la Kiingereza, kama Devil Kingdom au Dangerous Desire? Muuza samaki anayetaka kumsimulia jirani yake picha aliyoiona hulazimika kulitafuna jina kwanza. Lalamiko la pili ni ule mtindo wa kuikata picha moja vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na kuviuza mbalimbali. Mtazamaji anajua kuhesabu. Anajua kwamba mwendo mrefu wa gari kuelekea nyumbani, unaoonyeshwa tangu njia panda hadi getini, umewekwa ili kujaza mkanda, naye amelipia mafuta yake.

Lalamiko la tatu ndilo zito. Mtazamaji anauliza: watu hawa wanafanya kazi gani? Katika picha nyingi wapo sebuleni, juu ya makochi makubwa, katika nyumba ya ghorofa. Wanagombania mchumba au urithi. Na ile kazi iliyoleta makochi hayo haionekani. Mvuvi anayeamka akiwa na mikono iliyochubuliwa na kamba hujiuliza ni wapi mtu hupata ghorofa bila ya kuonekana akifanya kazi. Swali hilo ni la uchumi na ni la maadili. Mwandishi wa vitabu angelitia katika sura nzima. Kibandani limesemwa kwa sentensi moja, tena kwa kicheko.

Hatusemi kwamba kila linalosemwa benchini ni hekima. Yapo ya kukemewa. Mwanamke anapopigwa katika picha, wapo wanaoshangilia, na mtafsiri pengine huwaongoza. Wapo wenye vibanda wanaoingiza watoto saa za shule, au kuwaacha wakae mpaka picha za watu wazima. Hayo ni makosa, na yanastahili mkono wa sheria. Lakini hata hapo, katika vibanda vingi, mtu wa kwanza kumwambia mtoto atoke ni mtazamaji mzima aliyeketi jirani yake. Adabu ya ujirani haijafa humo. Inahitaji kuungwa mkono.

Mama Mkwe wa China, Sultani wa Uturuki

Wapo wanaodhani kwamba maoni ya namna hii ni mambo madogo yasiyostahili kufika mezani kwa wakubwa. Tutatoa mifano miwili ya kuwajibu.

Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, uitwao Doudou na Mama Wakwe Zake. Mambo yaliyokuwamo ni ya nyumbani: mke, mume, mama mkwe, jikoni, mtoto. Akina mama waliupokea kwa sababu waliyaona ya kwao. Mama mkwe, walisema, ni mama mkwe popote alipo. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam tarehe 25 Machi mwaka 2013, katika hotuba yake juu ya uhusiano wa China na Afrika, aliutaja mchezo huo kuwa uliwapa Watanzania nafasi ya kuyajua maisha ya kawaida ya jamaa za Kichina. Yafaa jambo hili litafakariwe. Mkuu wa dola kubwa aliona kwamba mchezo uliowapendeza watazamaji sebuleni ni jambo la kutajwa mbele ya viongozi wenzake.

Mfano wa pili ni tamthilia ya Kituruki ya Muhteşem Yüzyıl, iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 2011, ambayo kwetu imeonyeshwa na Azam TV kwa Kiswahili chini ya jina la Sultan. Humo anaonyeshwa Sultani Suleiman pamoja na mkewe Hürrem na mambo ya ndani ya kasri. Katika Rusimbi na Ujiji, mahali penye vyuo vya Kurani vya siku nyingi, wazee walinung'unika kwamba mtawala mkubwa wa Kiislamu ameonyeshwa kana kwamba kazi yake ilikuwa kukaa na wanawake. Vijana wa kike nao walisema kwamba cha kutazamwa ni akili ya Hürrem, aliyeingia kasri akiwa mjakazi akatoka na mamlaka. Basi na ijulikane kwamba ubishi huohuo ulikuwa umekwisha kuitikisa Uturuki yenyewe: mwezi Novemba mwaka 2012 Waziri Mkuu wa wakati ule, Recep Tayyip Erdoğan, aliilaumu tamthilia hiyo hadharani, akisema kwamba Suleiman halisi alitumia miaka thelathini juu ya farasi vitani. Watazamaji wa kwao waliendelea kuitazama mpaka ilipokwisha mwaka 2014. Wazee wa Ujiji walikuwa wamefika kwenye hoja ya Waziri Mkuu kwa njia yao wenyewe, bila ya mshauri wala katibu.

Nani Aliwahi Kumwuliza Mtazamaji?

Kihistoria, aliyemwuliza mwanzo hakuwa na nia ya kumsikiliza. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Walipiga picha fupi juu ya kilimo, afya na akiba, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani, na waliandika namna watazamaji walivyozipokea. Katika zama hizo wakoloni wengi walioshughulika na sinema waliamini kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha yenye mwendo wa haraka, na kwamba yafaa atengenezewe picha za polepole. Aliulizwa, ndiyo, lakini kama mgonjwa anavyoulizwa na daktari aliyekwisha kuamua dawa.

Visiwani mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa huko mtazamaji alikuwa mteja wa mjini mwenye hiari yake. Ndugu zetu wa Unguja walijenga desturi ya sinema kabla ya wengi wa Bara. Majumba ya Majestic, Empire na Cine Afrique yalikuwa mahali pa kuvaa vizuri, pa kwenda na jamaa, na pa kujadili picha njiani wakati wa kurudi. Mwaka 1974 Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi, ya kwanza katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, huku Bara televisheni ikihesabiwa kuwa anasa ya wachache wa mjini. Ilitupasa kungoja mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya binafsi, ITV kikiwamo, vianze. Na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Kwa maneno mengine, mtoto wa Unguja wa mwaka 1974 alikwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla mtoto wa Rusimbi hajawa na televisheni ya nchi yake.

Twaitaja historia hii kwa sababu majumba hayo ya sinema yalikwisha kufunga milango yake, na wengi huko na huku sasa hutazama kila mtu peke yake, simu mkononi. Kibanda umiza, pamoja na joto lake na mabenchi yake, ni mahali pachache palipobaki ambapo watu wasiojuana hutazama jambo moja na kulihukumu pamoja. Kikifa, maoni hayatakufa, lakini yatatawanyika, na itakuwa vigumu zaidi kuyasikia.

Ziwa Lililopigwa Picha, Watu Wasioonyeshwa

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza kuliko benchi. Mwambao huu umepigwa picha mara nyingi, na dunia imeutazama, bali wenyewe hawakuulizwa.

Mwaka 1939 ilitoka Marekani picha ya Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Kisa chake kinafika kilele hapa Ujiji, ambapo watu wawili hao walikutana mwaka 1871. Lakini safari ile ilibebwa na mabega ya wapagazi na askari wengi walioajiriwa Unguja na Bagamoyo, wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay. Kwa hiyo hiki ni kisa chetu pamoja, sisi wa Ujiji na ninyi wa Visiwani. Ni njia moja iliyotuunganisha. Katika picha hiyo usteringi ulikuwa wa wageni wawili.

Mwaka 1951 ikatoka The African Queen, yake John Huston, wakiigiza Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Ilipigwa Kongo na Uganda, kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na manowari ya Kijerumani iliyomo ndani yake ilibuniwa kwa mfano wa Graf von Götzen, iliyokuja kuwa MV Liemba. Katika picha, meli hiyo huzamishwa na Mwingereza mwanamke na nahodha mlevi kwa mashua yao. Watu wa ziwa wanaijua habari nyingine. Meli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai mwaka 1916, ili isitekwe. Ikaopolewa mwaka 1924. Na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikawabebea wananchi mizigo na jamaa zao kwa vizazi kadhaa. Mtu aliyezaliwa safarini ndani ya Liemba angecheka kuiona ikizama kwa urahisi namna ile. Lakini kicheko hicho hakijapata nafasi, kwa sababu picha hiyo haijawa chakula cha vibanda vyetu.

Kisha Gombe, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Tangu Jane Goodall alipofika huko mwezi Julai mwaka 1960 hadi alipofariki tarehe 1 Oktoba mwaka 2025, sokwe wa Gombe wametazamwa duniani kote, kuanzia picha ya National Geographic ya mwaka 1965 hadi ile iitwayo Jane ya mwaka 2017. Kazi hiyo ni ya heshima na imeiletea nchi yetu sifa. Hata hivyo wapo watoto wa Ulaya wanaowajua sokwe hao kwa majina, na wapo watoto wa Rusimbi wasiopata kuwaona hata katika televisheni. Mtazamaji wa hapa anaposema kwamba ziwa lake halimo katika picha, yampasa asahihishwe kidogo: limo, lakini halikuletwa kwake, wala hakuulizwa kama limeonyeshwa sawasawa.

Rai Yetu

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 iliweka Bodi ya kukagua picha, na iliweka nafasi ya bodi za mikoa na za wilaya pia. Visiwani lipo Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Mwaka 2013 kazi za filamu na muziki ziliwekewa stempu za kodi. Kwa hiyo vyombo vipo, na sheria zipo. Kinachokosekana ni sikio.

Kwa hiyo tunatoa rai nne. Kwanza, Afisa Utamaduni wa wilaya aone kwamba kukaa kibandani jioni moja kila mwezi, akasikiliza na kuandika, ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo kusoma barua. Taarifa hiyo ipelekwe Bodi, nayo Bodi iwape watunzi wa filamu, ili wajue watu wamechoka na nini. Pili, wenye vibanda waandikishwe bila ya usumbufu, wapewe masharti mepesi yanayotekelezeka juu ya watoto, saa na usafi, na waonyeshwe njia halali ya kupata picha. Afungwe anayekaidi, asifungwe anayejifunza. Tatu, watafsiri watambuliwe kuwa mafundi wa lugha. Wapewe mafunzo ya Kiswahili na ya hakimiliki badala ya kukimbizwa.

Nne, picha zilizopigwa juu ya mwambao huu ziletwe kwenye mwambao huu, kwa Kiswahili, na watu wazihukumu. Ndugu zetu wa Visiwani wanaweza kutusaidia hapa. Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limekuwa na utaratibu wa kuzipeleka picha vijijini Unguja na Pemba, zikaonyeshwa uwanjani bure. Utaratibu kama huo ukivuka bahari na kufuata ile njia ya zamani mpaka Ujiji, mbele ya jumba la kumbukumbu la Livingstone, utapata watazamaji wenye mengi ya kusema. Liwekwe turubai jeupe, ionyeshwe ile picha ya mwaka 1939, na wajukuu wa wapagazi waulizwe.

Tunajua majibu hayatakuwa ya adabu yote. Baadhi yao watasema picha ni ndefu. Wengine watasema Stanley hakuvaa hivyo. Na bila shaka atatokea mmoja wa kuuliza steringi hasa alikuwa nani, Stanley au Bombay. Wakati huo afisa aliyekuja kufungua onyesho na akae kimya, atoe kalamu, aandike.